Ratili ya Nyama na Hoja Isiyojibiwa

Wale waliokulia mjini Unguja enzi za majumba ya sinema wanaikumbuka kanuni yake: katika kila picha pana steringi na pana adui, na steringi hafi. Tulikuwa tukitoka ukumbini tukiigiza mateke na mapigo ya steringi njia nzima mpaka nyumbani, na mtoto aliyepangiwa kuwa adui katika mchezo wa barazani alinuna, pengine akalia. Hata hivyo walikuwapo wachache baina yetu ambao katika kiza cha ukumbi walikuwa na siri. Walimtakia adui ushindi. Hawakuisema siri hiyo, kwani angeisema nani akabaki na heshima yake? Mimi nilikuwa mmojawapo, na kwa miaka mingi nilidhani kuwa ni ila ya moyo wangu peke yangu.

Nilipoanza kusoma historia ya tamthilia ndipo nilipotambua kwamba siri ile ina umri mkubwa na wenyewe ni wengi. Katika makala haya nakusudia kuifuatilia kwa kumtumia mhusika mmoja tu, ambaye watu wamekuwa wakimzomea, wakimcheka, wakimlilia na kumtakia ushindi kwa zaidi ya miaka 400. Mhusika huyo ni Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi katika tamthilia ya William Shakespeare ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969.

Tuliisoma tafsiri hiyo skuli, kwa sauti, kila mwanafunzi na sehemu yake. Mimi nilipewa Gratiano. Msomaji anayekijua kitabu atakuwa amekwisha kucheka, kwa maana Gratiano ndiye mpiga domo anayesimama pembeni mwa mahakama na kumkejeli Shylock kila anapojikwaa. Nikasoma kejeli zangu kwa sauti ya juu kama nilivyotakiwa, na huku moyoni nikiomba yule ninayemkejeli ashinde kesi yake.

Kwa ajili ya wasiokisoma kitabu, au waliokisoma zamani wakakisahau, nakieleza kisa kwa mukhtasari. Bassanio, kijana wa Venisi mwenye mkono mwepesi wa kutumia, anataka kumposa Portia, mwanamke tajiri wa Belmont, na hana fedha za safari. Rafikiye Antonio ni mfanyabiashara, lakini mali yake yote iko baharini. Antonio anakwenda kukopa dukati 3,000 kwa Shylock, mtu ambaye siku zote amekuwa akimtukana hadharani na kumtemea mate. Shylock hadai riba. Anataka hati itiwe saini kwamba fedha zisipolipwa kwa siku iliyowekwa, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Jambo hilo linapita kama masihara. Baina ya hapo Jessica, binti wa Shylock, anatoroka na kijana wa Kikristo na kuchukua dhahabu na vito vya babake. Zinakuja habari kwamba merikebu za Antonio zimepotea. Siku ya hati inapita. Shylock anakwenda mahakamani na kisu na mizani. Portia, aliyejivika nguo za kiume na kujifanya mwanasheria, anamwambia kwamba nyama ni haki yake, ila hati haikutaja damu: akimwaga tone moja mali yake itachukuliwa, na akikata zaidi ya ratili au pungufu kwa uzito wa unywele atauawa. Shylock anashindwa, anapokonywa mali, analazimishwa kubadili dini, na anaondoka. Kinafuata kipande kizima cha mbalamwezi, muziki na vicheko vya watu waliooana.

Sasa turudi London ya mwaka 1598, ambapo tamthilia hii iliandikishwa katika daftari la wachapaji kwa majina mawili, moja la Mfanyabiashara wa Venisi na la pili Myahudi wa Venisi. Tangu siku hiyo ya kwanza haikujulikana hasa ni kisa cha nani. Watazamaji wake walikuwa watu ambao hawakupata kuishi jirani na Myahudi aliyejulikana kuwa Myahudi. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Mayahudi wote Uingereza mwaka 1290, na hawakuanza kukubaliwa tena mpaka mwaka 1656. Walichokuwa nacho watu wa London ni hekaya, na pamoja na hekaya walikuwa na kumbukumbu ya karibu: mwaka 1594 Roderigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth, Mreno mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa kwa tuhuma za kutaka kumtilia sumu malkia. Mwaka huo huo tamthilia ya Christopher Marlowe juu ya Myahudi wa Malta ilichezwa tena na tena, na ukumbi ukajaa. Toleo la kwanza la kitabu cha Shakespeare, la mwaka 1600, linautangaza ukatili wa Shylock kwenye jalada, kama bango la picha linavyomtangaza adui. Mwezi Februari 1605 Mfalme James aliitazama, akaamuru ichezwe tena mbele yake baada ya siku mbili. Na mwaka 1623, kazi za Shakespeare zilipokusanywa, iliwekwa katika fungu la michezo ya kuchekesha.

Ya kuchekesha, kwa hakika. Mwaka 1701, London ilipopewa toleo lililobadilishwa na George Granville, aliyecheza Shylock alikuwa mchekeshaji mashuhuri, Thomas Doggett. Adui wa kuchekesha hana wa kumtakia ushindi. Haogopwi na hasikilizwi.

Aliyembadilisha ni Charles Macklin, Februari 1741, katika ukumbi wa Drury Lane. Macklin alikataa kuchekesha. Alimcheza Shylock kwa hasira ya kweli, taratibu, akiyatafuna maneno, na aliendelea kumcheza kwa muda unaokaribia miaka 50. Mwanachuoni wa Kijerumani Lichtenberg, aliyemwona mwaka 1775, hakuisahau namna alivyozitamka zile dukati 3,000, kama mtu anayeonja kitu kitamu. (Huyu Macklin alikuwa na hasira hata nje ya jukwaa. Mwaka 1735 aligombana na mwigizaji mwenziwe kwa ajili ya nywele za bandia, akamchoma jichoni kwa bakora, na yule akafa. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila ya kukusudia, naye akarudi kazini.) Watazamaji wake walimwogopa Shylock. Hiyo nayo ni hatua, kwani anayeogopwa husikilizwa.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 26 Januari 1814. Drury Lane ilikuwa imezama katika madeni, viti vingi vilikuwa vitupu, na mwigizaji mwenyewe alikuwa kijana mfupi asiyejulikana mjini, Edmund Kean, aliyetoka kuzunguka mikoani kwa ujira mdogo na ambaye miezi michache nyuma alimzika mwanawe. Kwa ada ya jukwaa la Kiingereza Shylock alivaa nywele nyekundu. Kean alikuja na nywele nyeusi. Wenziwe wakaliona jambo hilo kuwa ni kujitafutia balaa, lakini waliokuwamo ukumbini usiku ule waliona kitu wasichokizoea: mtu mwenye akili kali, aliyechoshwa na matusi, anayejua kwa nini anafanya anayoyafanya. Mhakiki William Hazlitt aliandika habari zake gazetini, na miaka mitatu baadaye, katika kitabu chake juu ya wahusika wa Shakespeare, akakiri lile ambalo mimi sikuthubutu kulikiri darasani. Alisema kwamba huruma ya mtazamaji humwendea Shylock mara nyingi zaidi kuliko inavyowaendea maadui zake, kwa kuwa yeye haufichi ubaya wake, ilhali wao wema wao una unafiki ndani yake.

Ushahidi niupendao kuliko wote umetoka kwa mshairi wa Kijerumani Heinrich Heine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1838 anasimulia kwamba alipoitazama tamthilia hii Drury Lane, nyuma yake alisimama mwanamke wa Kiingereza, mzuri na aliyesawijika, ambaye mwisho wa tendo la nne alilia kwa uchungu na kusema mara kadhaa kwamba maskini yule amedhulumiwa. Heine hakuwahi kuyasahau macho yale. Yafaa tukumbuke ni nani anayesimulia: Heine alizaliwa Myahudi, na mwaka 1825 alibatizwa ili milango ya kazi imfungukie. Habari ya mtu kubadilishwa dini ili aachwe aishi hakuijua kwa kuisoma tamthilia tu.

Mwanamke yule alilia mwisho wa tendo la nne, na swali langu ni hili: kuna nini katika tendo lile? Wengi hudhani kwamba huruma ya watu kwa Shylock inatokana na yale maneno yake mashuhuri ya tendo la tatu, anapouliza kama Myahudi hana macho na mikono na hisia kama watu wengine. Ni maneno makubwa, na wapenzi wa ushairi watastaajabu kujua kwamba kwa Kiingereza si shairi. Shakespeare aliyaandika kwa nathari, na utenzi akampa Portia anaposifu rehema. Lakini maneno hayo ya Shylock mwisho wake ni kujitetea kwa kisasi. Yanatufanya tumwelewe. Kumtakia ushindi ni jambo jengine, nami naamini linatokea kwengine, mahali ambapo wasomaji wengi hupapita mbio.

Duke, mtawala wa Venisi, anamwuliza Shylock atatarajiaje rehema ilhali yeye haitoi. Shylock anajibu kwa kuwatazama waungwana waliomzunguka. Anawakumbusha kwamba wengi wao wana watumwa waliowanunua kwa fedha, na wanawatumikisha kama punda na mbwa wao. Anauliza kama yeye angewaambia wawaache huru, wawaoze watoto wao, wawalaze katika vitanda laini kama vyao na kuwalisha chakula kama chao, wangesemaje? Wangesema kwamba watumwa ni mali yao. Basi naye anasema vivyo hivyo: ratili hii nimeinunua kwa bei ghali, ni yangu, na nitaipata; mkininyima, sheria ya Venisi haina nguvu tena.

Na Duke anajibu nini? Hajibu. Anasema kwamba ana mamlaka ya kuivunja baraza, isipokuwa anamngoja mwanasheria aliyemwita kutoka Padua. Hoja inabaki pale sakafuni. Hakuna anayeiokota: Antonio haiokoti, Bassanio haiokoti, na Portia anapoingia hakuwahi kuisikia. Katika ukumbi uliojaa Wakristo wenye watumwa hapana hata mmoja aliyeweza kumwambia Shylock kwamba amekosea bila ya kujihukumu mwenyewe.

Sitaki nieleweke kwamba Shylock alikuwa mtetezi wa watumwa. Hakuwa. Hoja yake haikukusudia kumkomboa yeyote; inasema tu kwamba kama mwili wa mtu waweza kununuliwa mzima, kwa nini usinunuliwe kwa ratili. Ni hoja ya kutisha, na utisho wake ndio ukweli wake. Watu wa London waliokuwa wakiisikia hawakuwa mbali nayo, kwani John Hawkins alikwisha kufanya safari yake ya kwanza ya biashara ya watumwa mwaka 1562.

Nasi je? Mimi niliisoma hoja ile katika Kiswahili, katika skuli iliyokuwa mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa ambalo Sayyid Barghash alikubali lifungwe mwezi Juni 1873, kwa mkataba uliotiwa saini chini ya vitisho vya manowari. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Bibi yangu aliwajua watu waliozaliwa watumwa. Mwenzangu aliyepewa sehemu ya Shylock alipofika pale darasa lilinyamaza, na sidhani kwamba lilinyamaza kwa sababu ya usomaji wake, kwani alikuwa akigugumia. Ikafika zamu ya Duke, naye akasema anamngoja mtu wa Padua.

Naona kwamba hapo ndipo tunapomtakia mwovu ushindi: pale anapokuwa amesema neno la kweli na wema hawana la kumjibu isipokuwa hila. Hatutaki kisu kipite. Tunataka ajibiwe, na akishindwa bila ya kujibiwa tunatoka tukiwa na deni lake. Lakini nisijisafishe mno. Siku ile darasani nilitaka pia, kwa dakika moja au mbili, kumwona Antonio akiogopa kikweli, yeye aliyezoea kutema mate.

Hila ya Portia iliwakera hata wanasheria. Mwaka 1872 Rudolf von Jhering, mmoja wa mafakihi wakubwa wa sheria katika Ulaya ya karne ile, alitoa mhadhara mjini Vienna juu ya wajibu wa mtu kuipigania haki yake. Ulipochapishwa ulienea Ulaya nzima, na ndani yake Shylock amesimama kama mdai aliyeporwa. Kwa Jhering jambo lilikuwa wazi. Hati ya kukata nyama ya mtu ilikuwa batili kwa kuwa inapingana na maadili, na hakimu alipaswa kuitupa tangu mwanzo. Lakini hakimu hakuitupa. Aliikubali mbele ya watu, akampa mdai nyama, kisha akamnyima damu, kana kwamba nyama ya mtu aliye hai yaweza kukatwa bila ya damu. Hiyo ni sawa na kumpa mtu haki ya kupita katika shamba na kumkataza kuacha nyayo. Jhering alimwona Shylock akitoka mahakamani ameinama, na pamoja naye ikitoka sheria yote ya Venisi. Mwanasheria mwengine, Josef Kohler, alimjibu miaka michache baadaye kwamba hukumu ile ilikuwa ushindi wa uadilifu juu ya herufi za sheria, na wawili hao wakaendelea kugombania kesi ambayo haikuwahi kuwapo.

Katika miaka hiyo hiyo, Novemba 1879, Henry Irving alimcheza Shylock katika ukumbi wa Lyceum, London, na tamthilia ikaendelea kwa maonyesho yapatayo 250 mfululizo. Shylock wa Irving alikuwa mzee mwenye haiba, mtu wa ukoo, aliyejiona bora kuliko wanaomtukana. Irving aliongeza tukio ambalo Shakespeare hakuliandika. Baada ya Jessica kutoroka, jukwaa linabaki tupu, na Shylock anarudi usiku akivuka daraja na taa mkononi. Anagonga mlango wa nyumba yake. Hapana anayefungua. Anagonga tena, na pazia linashuka. Nyakati nyengine Irving aliondoa tendo la tano lote, kwa vile mwigizaji mkubwa hakuwamo ndani yake. Lakini nadhani hata watazamaji wake hawakuwa tena na hamu ya kusikiliza vicheko vya Belmont.

Mpaka hapa historia inaweza kuonekana kama ngazi, kila kizazi kikipanda kipandio kimoja kutoka kwenye kuchekesha mpaka kwenye kuhurumiwa. Historia haikwendi hivyo. Mwezi Mei 1943, mjini Vienna, mji ule ule wa mhadhara wa Jhering, ukumbi wa Burgtheater uliicheza tamthilia hii kwa msukumo wa Baldur von Schirach, gavana wa Kinazi wa mji huo. Mayahudi wengi wa Vienna walikuwa wamekwisha kupakiwa katika magarimoshi na kupelekwa mashariki kuuawa. Aliyecheza Shylock alikuwa Werner Krauss, mmoja wa waigizaji wenye kipaji kikubwa kabisa katika lugha ya Kijerumani. Alikuja na nywele nyekundu, zile zile ambazo Kean alizitupa mwaka 1814, na kwa mwendo wa kuburura miguu. Jessica aliwatatiza Manazi, kwani sheria zao za mwaka 1935 ziliharamisha ndoa ya Myahudi na asiyekuwa Myahudi, na matoleo ya zama hizo yalilazimika kumbadilishia nasaba ili aweze kuolewa na Lorenzo.

Nimelifikiri sana onyesho lile. Maneno ya Shylock yanaweza kusemwa yote bila ya kupunguzwa hata moja, na mtu akahakikisha kwamba hayasikiki, kwa kuyatia katika kinywa ambacho watazamaji wamefunzwa kukicheka. Wale wanaohofu kwamba ni hatari kumtakia adui ushindi, na miongoni mwao wamo walimu na wazee ninaowaheshimu, ningependa wautazame pia ukumbi ambao ndani yake hapana hata mtu mmoja aliyemtakia.

Tafsiri ya Nyerere ilichapishwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na mfasiri alikuwa Rais wa nchi. Hapana shaka kwamba wengi walilisoma jina la kitabu kama sehemu ya siasa ya wakati ule. Lakini litazame vizuri. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio, mwema wa kisa. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi. Na neno lenyewe, bepari, lilitujia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mtu afanyaye biashara, kabla siasa haijalipa maana ya mnyonyaji. Kwa hivyo jina limetafsiriwa sawasawa, na papo hapo limefanya kazi ambayo Kiingereza hakikuifanya: limemweka Antonio na Shylock katika jahazi moja. Mmoja ana merikebu, mmoja ana sanduku la fedha, na wote wawili wanaishi kwa faida. Waungwana wanaocheka Belmont wanakula kwa mali ya urithi na ya mkopo. Sijui kitabu chengine ambacho mfasiri amekifafanua kwa herufi mbili tu za mwanzo wa neno.

Msomaji wa pwani anayo sababu yake pia ya kuanza akiwa upande wa Antonio. Riba kwetu ni haramu, kama ilivyokuwa haramu kwa kanisa la Venisi. Jamhuri ya Venisi ilipoona kwamba mji hauendi bila ya mikopo na wenyeji hawataki kuingia dhambini, iliwapa Mayahudi ruhusa ya kukopesha, ikawatoza kodi nzito, na mwaka 1516 ikawakusanya katika mtaa ulioitwa Ghetto, ambao malango yake yalifungwa usiku na walinzi waliolipwa na Mayahudi wenyewe. Kazi ilihitajiwa, mfanyakazi akachukiwa kwa kuifanya. Visiwani kwetu mashamba ya mikarafuu yaliwekwa rehani kwa wakopeshaji, aghalabu watu wenye asili ya Kihindi, hata serikali ya wakati huo ikatunga sheria mwaka 1934 za kuzuia ardhi isiendelee kutoka mikononi mwa wenyewe. Deni lilikuwa la kweli na machungu yalikuwa ya kweli. Lakini katika masimulizi ya madeni hayo niliyoyasikia barazani, mkopeshaji hakuwahi kupewa zamu ya kusema. Alikuja, akachukua, kisa kikaisha. Ndiyo maana nikasema kwamba kitabu kile kilinishitua: nilitarajia kumwona yule yule wa barazani, na huyu akafungua kinywa.

Mwezi Julai 2016, Ghetto ya Venisi ilipotimiza miaka 500, tamthilia ilichezwa pale pale mtaani, na mjini humo ikaketi mahakama ya rufaa ya kuigiza. Aliyeiongoza alikuwa Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, ambaye alifariki mwaka 2020. Majaji waliamua kwamba ratili ya nyama haidaiki katika mahakama yoyote, wakairejesha mali ya Shylock, na wakabatilisha amri ya kumbadilisha dini. Portia wakamwamuru akasome sheria. Watu walicheka, na ilikuwa haki wacheke. Hata hivyo nilipozisoma habari zile nilimkumbuka yule mwanamke aliyesimama nyuma ya Heine, kwani hayo hasa ndiyo aliyoyataka. Na niliona kwamba hata majaji wale, pamoja na elimu yao, hawakuligusa lile suala la watumwa. Halikuwa miongoni mwa hoja za rufaa.

Katika darasa letu tendo la nne lilimalizika siku ya Alkhamisi. Maneno ya mwisho ya Shylock ni machache: anaomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri, na hati ya kugawa mali yake ifuate nyuma, ataitia saini. Mimi nikiwa Gratiano nilikuwa na kejeli moja zaidi ya kumtupia mgongoni, nikaisoma. Tukaendelea na tendo la tano, pete zikatolewa, darasa likacheka panapostahili. Mwenzangu aliyekuwa Shylock hakuwa tena na sehemu ya kusoma. Alikifunika kitabu, akakiweka juu ya dawati, akawa anatazama nje mpaka kengele ilipolia.